Waranti ya Shemeji

Gari lilikuwa limeshachaguliwa, limeshaendeshwa kuzunguka mtaa, bei imeshakubaliwa na mikono tumeshapeana. Ndipo tukaingizwa kwenye chumba cha pili. Hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza, kompyuta, bakuli la peremende na kijana mtanashati aliyetuchangamkia kama watu wa kwao. Shemeji yangu alikaa karibu na meza, mimi pembeni yake, maana nilikwenda kama mkalimani.

Ilikuwa Februari 2022, mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Alizaliwa Uvira, akakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, akaja huku kwa mpango wa wakimbizi. Alikuwa anafanya zamu ya usiku kwenye ghala nje ya mji, mahali ambapo basi la mwisho huondoka watu wangali kazini. Miezi minane alikuwa akiomba lifti, akichangia mafuta, akisubiri kwenye baridi mpaka mwenye gari amalize sigara yake. Na wakati wenyewe wa kununua ulikuwa mbaya. Baada ya korona viwanda vilikosa vipuri vya kielektroniki, magari mapya yakaadimika, na bei za magari yaliyotumika Marekani zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya mwaka mmoja. Gari la miaka sita, limeshatembea maili 88,000, tuliuziwa dola 15,800, nasi tukajiona tuna bahati.

Kijana akaigeuza kompyuta ili tuone. Rejesho la mwezi, alisema, ni dola 321 kwa miezi 72. Halafu, kama aliyekumbuka jambo dogo, akaweka kidole kwenye mstari wa chini yake: dola 384.

“Anasemaje, shemeji?”

“Anasema ukiongeza dola 63 kwa mwezi unapata bima, gari likiharibika wanatengeneza.”

“Likiharibika nini?”

Nikamuuliza kijana. Akahesabu kwa vidole: injini, giaboksi, ekseli, vitu vyote vikubwa. Nikatafsiri: “Kila kitu cha maana kimo.”

Shemeji akanyamaza kidogo. Huyu ni mtu aliyewahi kukimbia usiku na sufuria kichwani. Ukimwambia kitu kinaweza kuharibika, hahitaji mfano. Akanigeukia. “Wewe ungefanyaje?”

“Dola 63 si nyingi, shemeji. Bora ulale usingizi.”

Akasaini mahali kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu kila mara kijana alisema “na hapa”, nami nikarudia “na hapa”, mpaka tukacheka wote watatu.

Habari hii ameniruhusu niiandike, nami naiandika kwa sababu ya maneno mawili niliyoyatumia pale mezani: “bima” na “kila kitu”. Yote mawili hayakuwa kweli, na hakuna aliyenilazimisha kuyasema. Kijana hakusema “bima”. Hakusema “kila kitu”. Alisema neno lake la Kiingereza, mimi nikalivika kanzu ya Kiswahili iliyoonekana kulienea.

Alichokiuza hakikuwa hata waranti. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1975, ile inayoitwa kwa majina ya Magnuson na Moss, waranti ni ahadi inayokuja na bidhaa yenyewe, ndani ya bei yake. Ukilipa pembeni ili mtu aahidi kutengeneza gari, umenunua kitu kingine: mkataba wa matengenezo. Wauzaji wanauita “waranti ya nyongeza” kwa sababu neno waranti linatuliza moyo. Mkataba huo una watu watatu nyuma yake. Yupo aliyekuuzia, yaani yadi. Yupo msimamizi, kampuni iliyo jimbo jingine kabisa, ambayo ndiyo hupokea simu na kusema ndiyo au hapana. Na mara nyingi ipo kampuni ya bima iliyomdhamini msimamizi, akifilisika. Kijana mwenye peremende alikuwa yule wa kwanza tu. Kazi yake iliisha kalamu ilipowekwa chini.

Na bei yake haikuwa bei. Dola 2,995 zilizoandikwa pale zilikuwa za kuanzia mazungumzo, kama kitenge cha Kariakoo, maana yadi hujiwekea faida yake juu ya bei ya msimamizi na ina nafasi ya kushuka. Sisi, tuliokuwa tumebishana saa nzima kuhusu bei ya gari mpaka tukapunguziwa dola 300, tulifika kwenye chumba kile tumechoka, tukalipa bei nzima bila kufungua mdomo. Nimekuja kuamini kwamba chumba cha pili kiliwekwa cha pili kwa sababu hiyo.

Kulikuwa pia na karatasi kwenye kioo cha gari. Niliiona. Karibu kila yadi Marekani inayouza zaidi ya magari matano yaliyotumika kwa mwaka inatakiwa na serikali kuibandika, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1980. Ina visanduku viwili vikubwa: kimoja kinasema muuzaji anatoa waranti, kingine kinasema gari linauzwa lilivyo, na likikufia mkononi ni lako. Kwetu kilikuwa kimetiwa alama cha pili. Karatasi hiyohiyo inamshauri mnunuzi aulize kama anaweza kulipeleka gari likakaguliwe na fundi wake kabla ya kununua. Kanuni inataka mauzo yakifanyika kwa Kihispania, karatasi nayo iwe ya Kihispania. Kiswahili hakimo kwenye kanuni. Kiswahili siku ile kilikuwa mimi, nami niliing’oa karatasi ile ili shemeji aone barabara vizuri.

Miezi kumi na minne ilipita vizuri. Kwa gari lile shemeji aliongeza kazi ya pili: mwisho wa wiki alisambaza vyakula vya mahoteli kwa kutumia programu ya simu. Gari lilikuwa safi kuliko sebule yangu.

Aprili 2023, saa kumi alfajiri, akanipigia. Alikuwa kwenye barabara ya mzunguko namba 270, kando, taa za hatari zinawaka. “Shemeji, injini inalia lakini gari haliendi.” Anakanyaga mafuta, sauti inapanda, magurudumu hayasikii. Hata mimi nisiyejua ufundi nilijua ni giaboksi. Nikamwambia kwa furaha, naona aibu kulisema: “Usijali, una bima.”

Gari likavutwa hadi gereji. Gereji ikapiga simu kwa msimamizi. Msimamizi akajibu kwamba hawezi kukubali wala kukataa mpaka giaboksi ifunguliwe na sababu ionekane, na kwamba kuifungua ni dola 900. Ikionekana inahusika, atalipa yeye. Ikionekana haihusiki, atalipa mwenye gari. Shemeji aliniangalia kama mtu aliyeambiwa anunue tiketi ya kuingia nyumbani kwake. Tukakubali, maana tungefanyaje.

Kisha msimamizi akataka risiti za kumwaga oili.

Hapa naomba msomaji wa Kigoma, wa Tanga au wa Bukavu anisikilize, kwa sababu ndipo ilipotufia. Shemeji alimwaga oili kwa wakati, tena mapema kuliko kitabu kinavyotaka. Alimwagiwa na fundi wetu, kijana wa Bujumbura ambaye Jumatatu hadi Ijumaa ni mfanyakazi wa kiwandani na Jumamosi ni fundi wa watu wote wanaosema Kiswahili upande wa kaskazini wa Columbus. Anakuja na jeki yake, analala chini ya gari kwenye maegesho ya nyumba zetu za kupanga, anapewa dola 40 mkononi na sahani ya wali. Risiti? Ukimwomba atadhani humwamini. Sote tulilelewa kwenye ulimwengu ambamo fundi ni mtu unayemjua kwa jina la mama yake, na neno lake linatosha. Mkataba haukumjua mama yake. Kwa mkataba, oili isiyo na karatasi haikumwagwa.

Usiku ule niliusoma mkataba wote kwa mara ya kwanza, kurasa kumi na nane za maandishi madogo kama mchele wa kuvunjika. Uliruhusu hata mwenye gari amwage oili mwenyewe nyumbani, mradi atunze risiti ya oili na ya filta, na aandike tarehe na maili. Risiti ya dukani tu, ile tunayoifinyanga na kuitupa mlangoni! Kingine nilichokuta ukurasa wa kumi na sita kiliniuma zaidi: ndani ya siku 30 tangu kusaini, asiyeutaka mkataba angeweza kuurudisha na kurudishiwa fedha zote. Siku 30. Karatasi zile zilikuwa zimekaa miezi 14 kwenye droo ya jikoni, chini ya viberiti na menyu za piza.

Msimamizi akamtuma mkaguzi. Alikuja na kamera, akapiga picha giaboksi iliyopasuliwa, akapiga kidude cha maili, akapiga kiti cha nyuma. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko mwekundu wa kubebea vyakula, ule wa programu ya simu.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Sababu mbili: hakuna uthibitisho wa huduma, na gari limetumika kibiashara kinyume cha ukurasa wa saba. Shemeji alitaka kujua hiyo ya pili imetoka wapi. Nikamweleza kwamba kwenye mkataba kupeleka piza kwa malipo ni biashara, sawa na teksi. “Lakini yule kijana nilimwambia gari nalitafutia kazi.” Kweli, alimwambia. Mimi ndiye niliyetafsiri. Lakini ukurasa wa kumi na saba unasema kwamba maneno ya muuzaji si sehemu ya mkataba.

Gereji ikatoa bei: dola 4,800 kwa giaboksi mpya, mbali na zile 900. Kijana wa Bujumbura akasikia, akacheka bila furaha, akaenda makaburi ya magari, zile ekari za magari yaliyokufa ambako watu huchuna vipuri, akapata giaboksi ya gari lililogongwa nyuma. Akaifunga kwa wikendi mbili. Jumla, na kodi ya winchi na oili yake maalumu, dola 2,600. Alipoitazama ile ya zamani akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo shemeji hajalisahau: “Hii ilikuwa imeanza kufa kabla hujanunua. Ungeniita nikaliendesha nusu saa likapata moto, lingetetemeka kwenye taa. Ningekwambia achana nalo.”

Kwa nini hatukumwita? Nimejiuliza sana. Shemeji huyuhuyu, kule Nyarugusu, hakununua hata baiskeli bila kwenda na fundi wa baiskeli. Mjomba wangu Tanga hawezi kununua mbuzi peke yake. Lakini tulipoingia kwenye yadi yenye vioo na kahawa ya bure, tuliona aibu kwenda na mtu mwenye oili kwenye kucha. Tulidhani Marekani ni mahali ambapo karatasi imechukua nafasi ya fundi. Gereji yoyote ya hapa ingelikagua gari lile kwa dola 100 na ushei, au 200 kwa ukaguzi wa kina. Tulikataa kutoa hizo, tukatoa 2,995.

Tena hazikuwa 2,995. Ziliingizwa kwenye mkopo, na mtu asiye na historia ya mikopo Marekani hukopeshwa kwa riba nzito. Yake ilikuwa asilimia 14.9. Dola 63 na senti kwa miezi 72 ni kama dola 4,550. Karibu dola 1,550 zilikuwa riba ya kununulia amani ya moyo. Na mkataba wenyewe ulikuwa wa miezi 36 au maili 36,000, kitakachotangulia. Kwa namna shemeji anavyoendesha, ghala usiku na vyakula mwisho wa wiki, maili zile zingekwisha katika mwezi wa ishirini. Angelilipia mkataba uliokufa kwa miaka minne na ushei. Hesabu hii ni ya darasa la sita. Ningeweza kuifanya pale mezani kwa simu yangu, wakati kijana anachapa.

Tusidanganyane upande wa pili pia. Wapo wanaosema: hiyo dola 63 angeiweka benki kila mwezi, angejiwekea bima mwenyewe. Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe, mbele za watu. Miezi 14 mara 63 ni dola 882. Giaboksi ilikuwa 2,600. Angepungukiwa na dola 1,700 hivi, naye hakuwa nazo. Tulimchangia, kama tunavyochangiana misiba. Mtu maskini ana sababu ya haki kabisa ya kuogopa gari kuharibika, kwa sababu likisimama gari inasimama kazi, ikisimama kazi inasimama kodi ya nyumba. Hofu yake haikuwa ujinga. Ujinga ulikuwa wetu wa kudhani kwamba kwa kuwa hofu ni ya kweli, basi dawa iliyouzwa mlangoni pake ni ya kweli pia.

Jarida la watumiaji bidhaa la Consumer Reports liliwahi kuwauliza Wamarekani maelfu walionunua mikataba hii. Zaidi ya nusu, asilimia 55, hawakuitumia hata mara moja, ilhali bei ya katikati waliyolipa ilikuwa dola 1,200 na kidogo. Na walioitumia, kwa jumla, walilipa mamia ya dola zaidi ya walizookoa. Hiyo ni hali ya watu wanaokijua Kiingereza tangu tumboni. Ni lazima iwe hivyo, ukifikiri: msimamizi analipa mishahara, yadi inakula faida yake, matangazo yanalipiwa, na vyote hivyo vinatoka kwenye fedha za wenye magari kabla giaboksi ya kwanza haijatengenezwa.

Halafu kuna wale wa simu, ambao hata chumba kisicho na dirisha hawana. Aliyeishi Marekani anaijua ile sauti ya mashine: waranti ya gari lako inakaribia kuisha, bonyeza moja. Mwaka 2021 kundi moja tu lilipiga simu zaidi ya bilioni 5 ndani ya miezi mitatu. Mwanasheria mkuu wa Ohio alilifungulia mashtaka Julai 2022, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya Marekani ikalitoza faini ya karibu dola milioni 300. Wenye ofisi na matangazo ya televisheni nao hawajasalimika: mwaka 2024 CarShield na msimamizi wake walikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya tume ya biashara ya shirikisho kwamba matangazo yao yaliwapotosha watu kuhusu matengenezo yanayohusika. Shemeji alipata zile simu za mashine hata baada ya gari kufa. Moja ilikuja tukiwa gereji.

Je, ni wizi mtupu? Hapana, na ningependa iwe hivyo ili nipumzike. Jirani yetu, mama wa Kikenya ambaye ni muuguzi, anao mkataba wa namna hii na umemsaidia. Lakini sikiliza alivyoupata. Mezani alikataa. Gari lake lilikuwa bado na waranti ya kiwandani, kwa hiyo hakuwa na haraka. Alisubiri iishe kidogo kidogo, na miezi michache kabla ya mwisho akapigia yadi nne zinazouza magari ya aina yake akiuliza bei ya mkataba wa kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, usio wa msimamizi wa pembeni. Mkataba uleule, bei nne tofauti. Akachukua ya chini, dola 1,600, akalipa taslimu. Kabla ya kulipa aliomba nakala akalala nayo usiku mmoja. Akauliza kama ni ule unaoorodhesha vinavyotengenezwa, ambamo kisichotajwa hakimo, au ule mpana unaoorodhesha visivyotengenezwa. Akauliza atachangia kiasi gani kila safari ya gereji. Akauliza kama anaweza kwenda gereji yoyote. Risiti zake zinakaa kwenye kopo la biskuti juu ya friji, zimepangwa kwa miaka.

Kiyoyozi kilimfia mwaka wa pili. Akatoa dola 100, wakatoa zilizobaki. Nilipomuuliza kama alipata faida, akapiga hesabu, akasema vilivyotengenezwa mpaka sasa vinafika dola 1,450. “Kwa hiyo hapana. Lakini nililipa mimi nikijua, na kopo langu lipo.” Nilimpenda kwa jibu hilo. Ni mtu pekee ninayemjua aliyenunua mkataba huu na kujua alichonunua.

Binamu yangu wa Dar es Salaam alinitumia ujumbe mwezi uliopita. Amepata yadi inayompa gari kutoka Japani na “waranti ya injini na giaboksi” kwa kuongeza fedha kidogo. Nikamwuliza: anayetoa hiyo ahadi ni nani, yadi au mwingine? Imeandikwa wapi? Ukimwagiwa oili na fundi wa Ilala utaonyesha nini? Karatasi ya mnada ya Japani, ile yenye alama za ukaguzi, umeiona yenyewe au umeambiwa? Akanijibu kwamba ameambiwa. Nikamtumia fedha ya fundi aende naye.

Kuhusu shemeji, tuliuvunja mkataba wiki ileile ya barua. Inaruhusiwa; wanarudisha sehemu ambayo haijatumika. Kwa maili alizokwisha kutembea, 26,000 kati ya 36,000, na baada ya kukata dola 50 za ada, walirudisha dola 782. Hakuzishika. Zilikwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji na kupunguza deni upande wa mwisho, na rejesho la kila mwezi likabaki dola 384 kama lilivyokuwa. Gari linatembea mpaka leo na giaboksi ya makaburini. Droo ya jikoni ina bahasha ya risiti, ingawa hakuna tena mkataba wa kuzionyesha, anasema amezoea. Fundi wa Bujumbura sasa anabeba kitabu cha risiti, na anaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Shemeji hajawahi kunilaumu. Dada yake alinilaumu mara moja, jikoni, kwa sauti ya chini, kisha akanipa chai.

Bado naitwa kwenda kutafsiri watu wanaponunua magari. Naenda, kwa sharti moja. Nikiingia chumba cha pili sitafsiri neno lolote la kijana mpaka mkataba wenyewe uwe mezani, kurasa zake zote, na niruhusiwe kwenda nao nyumbani usiku mmoja. Mara mbili nimeambiwa kompyuta haiwezi kuuchapa kabla mteja hajasaini. Mara zote mbili tuliinuka, tukachukua peremende moja moja, tukaondoka.